Kuvuta matufe ya plastiki hadi yabadilike umbo: shajara ya mradi, Mbeya

Mwanzo wa Juni. Chupa imefika

Kwa macho ni maji meupe tu, mililita chache ndani ya chupa ndogo. Humo mna matufe ya polistirini, plastiki ileile ya vikombe vya kutupa na ya yale mabonge meupe yanayokinga televisheni ndani ya boksi. Kila tufe lina kipenyo cha mikromita 3. Unywele wa mtu huwa na unene wa mikromita 50 hadi 100, kwa hiyo itabidi uyapange matufe zaidi ya 15 ndipo uvuke unywele mmoja mwembamba.

Thamani ya chupa hii ni kwamba matufe yote yanalingana. Kuyapata yakiwa sawasawa haikuwa kazi ndogo. Ndiyo iliyompa sifa mkemia John Ugelstad wa Norwe katika miaka ya 1970. Marekani nayo ilitengeneza ya mikromita 10 ndani ya chombo cha angani, na mwaka 1985 yakaanza kuuzwa kama vipimo sanifu. Kwetu ulingano huo ni msingi wa kila kitu: kama yote yameanza sawa, tofauti yoyote tutakayoiona baadaye imeletwa na mvuto, si na kiwanda.

Swali la mradi ni hili: tukilivuta tufe la namna hii litakuwa na umbo gani, na nini kitalifanya lishike umbo hilo baada ya mkono kuachia? Nimeitamani kazi hii kwa muda mrefu, kwanza kwa ajili ya darasa. Wanafunzi wanakariri kwamba polima ni minyororo mirefu ya molekuli, lakini hawajaonyeshwa jambo ambalo haliwezi kuelezeka bila minyororo hiyo. Halafu kuna dawa. Mwaka 2006 Julie Champion na Samir Mitragotri wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha kwamba makrofaji, zile seli za mwili zinazomeza wavamizi, zinajali umbo: zikiikuta chembe ndefu kwenye ncha huimeza upesi, zikiikuta ubavuni hujitandaza juu yake zisiimeze. Anayetaka dawa izunguke mwilini kwa muda mrefu, au chanjo imezwe haraka, hana budi kujua kufinyanga chembe. Natamani wajuzi wa kazi hiyo watoke na huku kwetu.

Juni, wiki ya pili. Utando

Tufe la mikromita 3 halibaniki kwa koleo. Tunafuata njia iliyochapishwa mwaka 1993 na Ho, Keller, Odell na Ottewill wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza: unayanasa matufe ndani ya utando wa plastiki nyingine, unauvuta utando mzima, kisha unauyeyusha ubaki na chembe zako. Utando wenyewe ni wa polivinili alkoholi, kwa kifupi PVA. PVA inayeyuka majini, polistirini haiyeyuki majini kabisa. Ujanja wote uko hapo.

Unga wa PVA tumeuyeyusha kwa maji ya moto, sehemu 5 kwa 100. Unamwagwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, maana ukiumwaga wote kwa pamoja unafanya madonge ambayo nje yameyeyuka na ndani ni makavu. Tukatia gliserini kidogo ili utando uwe laini usikatike, kisha matone ya matufe. Mchanganyiko tukaumimina juu ya kioo kilichosawazishwa kwa pimamaji. Kioo kikiinama hata kidogo utando unatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na palipo pembamba ndipo patakapovutika zaidi.

Kukauka kumechukua muda. Mbeya ya mwezi wa sita usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na hatukutaka kuuanika juani kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Punje moja ya vumbi ni kubwa kuliko chembe tunazozitafuta, na ikishanata kwenye utando mbichi haitoki. Juu ya kabati, mbali na dirisha, pamefaa.

Katikati ya Juni. Joto

Sehemu hii naiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote.

Polistirini katika joto la kawaida ni ngumu, ukiipinda inavunjika. Minyororo yake imejisokota na kufungamana, na haina nafasi ya kupishana. Ukiipasha moto, kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi, nafasi hiyo inaanza kupatikana. Plastiki inalegea, lakini haiwi maji. Haina nukta moja ya kuyeyuka kama ya barafu, kwa sababu minyororo yake haijapangika kwa mpangilio wa fuwele. Inalegea kidogo kidogo ndani ya nyuzi kadhaa. Mpaka huo unaitwa joto la mpito wa kioo.

Chini ya mpaka, mkazo unalikuta tufe gumu. Utando unavutika, tufe linabaki duara, na kwenye ncha zake mbili zinazoelekea upande wa mvuto panabaki uwazi mtupu. (Uwazi huo nao una matumizi yake: mwaka 2007 Champion, Mitragotri na mwenzao Katare walieleza jinsi ya kuvuta utando kwanza, kisha kuilainisha polistirini ijaze uwazi ulioachwa. Kwa kuchanganya njia za namna hiyo walipata maumbo zaidi ya 20.) Juu ya mpaka, mkazo uleule unalikuta tufe laini, na tufe linaufuata utando unakokwenda.

Sasa Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kila anayepika maharage huku analijua jambo hilo hata kama hajawahi kushika kipimajoto. Kwetu maana yake ni kwamba sufuria ya maji yanayotokota haifiki kwenye mpaka wa polistirini. Dar es Salaam maji hayohayo yangegusa mpaka wenyewe, na huko kungekuwa na taabu ya aina nyingine, kwani ukiwa mpakani tofauti ya nyuzi mbili tatu inabadili matokeo yote. Hapa hatuna shaka: maji hayatoshi.

Kwa hiyo tunatumia mafuta ya alizeti. Yakiwa yamesafishwa yanavumilia zaidi ya nyuzi 200 kabla ya kutoa moshi, hayaiyeyushi PVA, na Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya, yanapatikana wakati wowote. Tumeamua kufanya kazi kwenye nyuzi 120, na kufanya jaribio la pembeni kwenye nyuzi 105 ili tuone mpaka unavyojionyesha. Miwani ya kukinga macho na glavu nene ni lazima kwa kila anayesimama karibu na sufuria. Hilo halina mjadala.

Juni, wiki ya tatu. Fremu

Fundi wa vyuma wa Mwanjelwa ametutengenezea fremu ya kuvutia. Ina taya mbili za alumini, moja imekaa palepale na nyingine inasogea kwa bolti ya milimita 8. Uzi wa kawaida wa bolti hiyo unasogeza milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja. Kama kati ya taya kuna milimita 40 za utando, mizunguko 32 inaufikisha milimita 80, yaani mara 2 ya urefu wake.

Nilipomwambia kwamba fremu nzima itazama kwenye mafuta ya moto, akauliza, "Sasa mwalimu, utaikaza vipi na mkono wako uko nje?" Akaunganisha fimbo ya chuma inayopanda juu ya sufuria, na mpini wa mbao. Taya tulizomchorea zilikuwa laini, akazitazama akasema, "Hizi zitateleza. Ngoja nizipige meno." Nikamwambia, "Haya fundi, wewe ndiye unayejua." Meno yale yamekuwa muhimu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mafuta yanapenya kila mahali na taya laini isingeshika kitu.

Mwisho wa Juni. Mvuto

Tunakata mikanda yenye upana wa milimita 10. Ukanda mpana na mfupi haufai: ukivutwa unashindwa kujibana kwa upana, unajibana kwa unene tu, na chembe zinatoka bapa badala ya kutoka ndefu zenye mzingo wa duara. Juu ya kila ukanda tunachora vyumba vya mraba vya milimita 2 kwa penseli laini. Wino haufai kwa kazi hii, unayeyuka kwenye mafuta.

Fremu inazama. Kwa muda mfupi vipovu vidogo vinatoka mwili mzima wa ukanda. Ni unyevu uliokuwa ndani ya PVA unachemka na kuondoka. Tunasubiri viishe. Kisha mpini unaanza kuzunguka, taratibu, mwanafunzi mmoja akihesabu mizunguko kwa sauti na mwingine akisoma kipimajoto. Katikati ya ukanda panaanza kuwa pembamba na kung'aa. Vyumba vya mraba vinarefuka kuwa mistatili, na mistari ya penseli ya kwenda urefu inasogeleana. Ukikaza kwa papara ukanda unapasuka karibu na taya, palepale penye alama za meno. Ukikaza kwa mwendo mmoja unakuja wote.

Ukishafika unakotaka, usiachie. Fremu inatolewa ukanda ukiwa umekazwa vilevile, mafuta yanachuruzika, na inasimama mezani hadi ipoe kabisa. Umbo linafungwa katika dakika hizo. Minyororo iliyonyooshwa ingependa kurudi kujisokota, lakini joto linashuka chini ya mpaka na nafasi ya kupishana inatoweka. Mkazo unabaki umefungiwa ndani. Taya zikiachiwa moto ungali humo, ukanda unajivuta nyuma na chembe zinajivuta pamoja nao, kama donge la chapati lililosukumwa kabla halijapumzishwa.

Penseli imetufundisha jambo ambalo fremu isingetuambia. Taya zilikuwa zimesogea mara 2, lakini vyumba vya katikati vilikuwa vimerefuka zaidi ya mara 2 na vile vya karibu na taya havikuwa vimefika. Tangu hapo namba ya bolti ni ya kutuongoza tu. Kinachoingia kwenye daftari ni namba ya penseli, na chembe zinachukuliwa kutoka kipande ambacho penseli imekithibitisha.

Julai, mwanzoni. Kuosha

Kipande kinapanguswa mafuta, kinasuuzwa kwa alkoholi, kisha kinatiwa kwenye maji ya moto hadi PVA iyeyuke. Hapa urefu wa mji wetu kutoka baharini unatusaidia: hata maji yakichemka hayawezi kuzilegeza chembe zilizokwisha kufungwa umbo. Alkoholi usiiruke. Tone dogo la mafuta lililobaki linaonekana duara kamili chini ya hadubini, na mtu mwenye haraka atalihesabu kuwa ni tufe lililogoma kuvutika.

Umeme ukikatika mashine ya kutenganisha mashapo haifanyi kazi, kwa hiyo tumeziacha chembe zitue zenyewe. Polistirini ni nzito kuliko maji kidogo tu, sehemu 5 kwa 100, na kwa ukubwa huu inashuka chini ya milimita 1 kwa saa. Ni kazi ya kulala na kuamka. Ikishatua unamwaga maji ya juu, unatia mapya ya uvuguvugu, unaanza tena, kwa kuwa PVA inang'ang'ania kwenye ngozi ya chembe.

Julai, wiki ya pili. Kupima

Hesabu kwanza, ili hadubini ije kujibu swali badala ya kutupa picha tu. Kuvuta hakuongezi plastiki wala hakupunguzi, kwa hiyo ujazo wa chembe haubadiliki. Tufe la mikromita 3 likivutwa mara 2 linakuwa na urefu wa mikromita 6. Ili ujazo ubaki uleule, upana lazima ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani ushuke hadi mikromita 2.12. Uwiano wa urefu kwa upana unakuwa 2.83. Kwa jumla, uwiano ni mvuto wenyewe uliopandishwa kwa kipeo cha 1.5.

Chembe za nyuzi 120 zimekaribia sana. Nyingi ziko kati ya 2.5 na 2.8, na kwa hadubini ya shule yenye simu iliyoegeshwa kwenye lenzi ya jicho, sitaki kudai usahihi zaidi ya huo. Rula yetu ni matufe yasiyovutwa: tunapiga picha yao kwa mpangilio uleule wa lenzi, na kwa kuwa kipenyo chao kinajulikana tunapata mikromita moja ni nukta ngapi za picha.

Za nyuzi 105 zimetoka fupi waziwazi ingawa penseli inasema mvuto ni uleule. Nimefurahi sana kuliona hilo kwa macho. Karibu na mpaka polistirini bado ina mnato mkubwa kuliko utando unaoizunguka. Utando unarefuka na kuipita. Mvuto ni uleule, lakini chembe inapokea sehemu tu. Kwa hiyo swali la "tulivuta kwa nguvu kiasi gani?" halina maana lenyewe peke yake, lazima liulizwe pamoja na joto la wakati ule.

Upimaji una mtego mmoja. Ndani ya maji chembe hazitulii. Molekuli za maji zinazigonga kila upande, nazo zinageuka geuka. Chembe ndefu ikisimama wima mbele ya lenzi inaonekana duara dogo, kisha inalala na kuwa ndefu tena. Wanafunzi wameitazama kwa muda mrefu kuliko kipindi kilivyoruhusu, na sikuwazuia. Kwa vipimo, hata hivyo, tunasubiri tone likauke ili chembe zilale juu ya slaidi.

Julai, wiki ya tatu. Kurudi

Tumegawa chembe ndefu mafungu mawili. La kwanza tumelichemsha kwa maji kwa nusu saa. Zimetoka ndefu vilevile, kwa kadiri tunavyoweza kupima. La pili tumelitia kwenye gliserini na kuipasha hadi nyuzi 120. Gliserini inachemka kwenye nyuzi 290 na haiyeyushi polistirini, kwa hiyo inatoa joto bila kuvuta chochote. Humo chembe zimerudi kuwa matufe, na kipenyo chao ni kilekile cha mwanzo.

Vitu viwili vinazirudisha. Minyororo iliyonyooshwa inataka kujisokota, kwa sababu namna za kukaa imejisokota ni nyingi mno kuliko namna za kukaa imenyooka. Na mvutano wa uso unataka eneo dogo kabisa la uso kwa ujazo uliopo, ambalo ni tufe. Vyote viwili vilikuwepo tangu siku ya kuvuta; ubaridi ndio uliovizuia. Mwanafunzi wetu mmoja ameuliza kama chembe inakumbuka ilikovutwa. Nimemjibu kwamba swali hilo liandikwe kwenye daftari, kwa sababu lina jibu linalopimika: tutazipasha joto kwa nyuzi tofauti zilizo juu kidogo ya mpaka na kuona zinarudi kwa kasi gani.

Mwisho wa Julai. Tone linalokauka

Hili tumelifanya kwa ajili ya wale wanaouliza umbo lina faida gani nje ya maabara. Yeyote aliyewahi kumwaga kahawa ya Mbozi mezani ameona doa likikauka na ukingo mweusi, katikati peupe. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chicago walieleza sababu: ukingo wa tone umenata mahali pake, maji yanapungua kwa kasi zaidi pembeni, na maji ya katikati yanakimbilia huko kuziba pengo yakiwa yamebeba chembe. Mwaka 2011 Peter Yunker, Arjun Yodh na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba chembe zikivutwa kidogo tu kuwa ndefu, ukingo ule hautokei. Chembe ndefu zikifika kwenye uso wa maji zinaupinda uso huo, zinavutana, zinashikana kwa makundi na kugoma kusukumwa pembeni. Wachapaji na wapaka rangi wanalijali jambo hili.

Tumekausha matone ya aina tatu kwenye slaidi moja: matufe ya chupani, chembe ndefu, na matufe yaliyopitia utando, mafuta, alkoholi na maji bila kuvutwa. Aina hii ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kwa kila atakayerudia jaribio. Ukilinganisha chembe ndefu na matufe ya chupani peke yake, hujui kama kilichobadili doa ni umbo au ni PVA iliyobaki kwenye ngozi.

Matufe ya chupani yameacha ukingo mkali. Chembe ndefu zimetapakaa karibu eneo lote la tone. Matufe yaliyopita njia nzima yameacha ukingo pia, lakini umefifia kidogo kuliko wa kwanza. Kwa hiyo umbo limefanya kazi yake, na PVA nayo ina mkono wake humo. Uoshaji utaongezwa hadi madoa ya aina ya kwanza na ya tatu yafanane, ndipo nitaandika namba.

Agosti, mwanzoni. Kinachofuata

Tunataka visahani sasa. Utando ukivutwa pande mbili kwa pamoja, mara 1.5 kila upande, tufe la mikromita 3 litapanuka hadi 4.5 na unene wake utashuka hadi 1.33 hivi. Hiyo inahitaji taya nne zinazosogea kwa mwendo mmoja, maana upande mmoja ukitangulia tutarudi kwenye chembe ndefu. Fundi amependekeza bolti nne zilizounganishwa kwa mnyororo wa baiskeli, kila bolti ikiwa na gia ya saizi moja, ili mpini mmoja uzizungushe zote. Ameomba bolti zitoke duka moja na zote ziwe na uzi uleule. Jumamosi tunakwenda naye kuzichagua.